Ardhi Isibaki Uchi: Kupambana na Magugu katika Bustani za Bukavu bila Dawa za Dukani

(Hotuba kwa wanaolima bustani za nyumbani, Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, kabla ya mvua za Septemba)

Mama zetu, papa zetu, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa hapa, jambo sana. Aksanti kwa kuitika.

Nimeombwa nizungumzie magugu, yale ambayo wengi wetu tunayaita majani mabaya. Nitasema toka mwanzo ninachoamini, ili asiyekubali ajue tunabishania nini. Katika mji huu wa vilima, jembe linalopita kila wiki kukwangua bustani mpaka udongo ubaki mtupu linatuletea magugu mengi zaidi, na juu ya hayo linatunyang'anya udongo. Magugu yanakuja pale tulipoiacha ardhi uchi. Tukiifunika sisi wenyewe, yanakosa pa kuotea. Mengine yote nitakayosema leo yanatokana na hilo.

Tazameni tulipo. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua inaanza Septemba, na isipokuwa vipindi vifupi, haituachi mpaka Mei au Juni. Jua letu ni la wastani. Lengalenga, yaani mchicha, inaipenda hali hiyo, kabichi inaipenda, puaro na seleri zinaipenda, na kila jani ambalo hukulipanda linaipenda pia. Na parseli zetu, yaani viwanja vyetu, hapa Kadutu, kule Bagira, hata upande wa Panzi, nyingi ziko kwenye mteremko. Mama anaamka asubuhi, anapalilia, anakusanya majani yote, anayatupa nje ya parseli, kisha anafagia. Bustani inapendeza, jirani anasifu. Saa tisa mvua inashuka. Matone yanapiga udongo usio na kitu juu yake, maji yanateremka yakiwa mekundu, yanapita uwanjani kwa jirani wa chini, yanaelekea ziwani. Kilichokwenda na maji ni udongo wa juu, pamoja na mbolea ambayo mama huyo aliibeba kichwani karai kwa karai. Kilichobaki ni udongo mgumu wa chini, na ndani yake mbegu za magugu ambazo sasa zimeona mwanga.

Mbegu hizo ndizo zinazotusumbua bila kuonekana. Udongo wa bustani iliyolimwa miaka mingi umejaa mbegu zilizolala. Nyingi ni ndogo sana. Zikiwa kwenye kina kinachopita sentimita tano haziwezi kuchipuka zikafika juu, na baadhi yake haziamki kabisa mpaka ziguswe na mwanga, hata mwanga wa kupita tu. Zinaweza kusubiri miaka. Anayelima kwa kina kila mara anazipandisha juu kundi baada ya kundi, halafu anashangaa kwa nini mvua ya wiki moja imejaza bustani upya. Ndiyo maana nasema palizi iwe ya juu juu, sentimita mbili au tatu, jembe likiwa limelazwa. Kata shingo ya gugu, usichimbue kilicho chini.

Niongeze neno moja hapa, kwa sababu tunaishi Bukavu na watu wanaweza kunielewa vibaya. Sisemi kwamba kufunika udongo kutazuia kilima kisisogee. Pale Funu ardhi inateremka kwa sababu zilizo chini sana, na hakuna majani ya migomba yatakayoizuia. Nazungumza juu ya ule udongo wa kina cha kiganja ambao mboga zetu zinakula humo. Huo tunaweza kuulinda.

Kabla ya kupigana, mtu amjue anayepigana naye. Magugu yanayoishi kwa mbegu na yale yanayoishi kwa mizizi hayatibiwi namna moja, na nadhani nguvu nyingi za akina mama zinapotea kwa sababu tunayatendea yote sawa.

Ya mbegu mnayajua. Kuna kishona nguo, kile kinachotuma vijisindano vyake vyeusi kwenye sketi na soksi za watoto. Kuna kile kijani laini chenye kiua cha manjano katikati na vijani vitano vyeupe pembeni, ambacho asili yake ni Amerika ya Kusini na leo kimejaa katika kila bustani ya Kivu. Kuna lengalenga ya kujiotea. Haya yanang'oka kwa urahisi, hata mtoto anaweza. Hatari yake ni kuchelewa. Mti mmoja wa kishona nguo unaweza kutoa mbegu 3,000 au zaidi. Mti mmoja mkubwa wa lengalenga mwitu unaweza kupita 100,000. Kile chenye kiua cha manjano kinatoa maua kikiwa bado na wiki chache tu, na mbegu zake zinaweza kuota mara tu zinapodondoka. Kwa hiyo sheria ya kundi hili ni moja: lisifike kwenye ua. Mama aliyechoka, ambaye ana saa moja tu kwa wiki, nampa ushauri huu: achana na vile vidogo, pita ukaondoe kila kilicho karibu kutoa maua. Hiyo saa moja itamwokolea kazi ya misimu inayofuata.

Kongwa, lile jani la kutambaa lenye ua la bluu, liko katikati ya makundi mawili. Linatoa mbegu juu, na chini ya udongo pia lina vijiua vidogo visivyofunguka ambavyo vinatengeneza mbegu gizani. Shina lake likikatwa vipande, kila kipande chenye kifundo kinaota. Ukilipalilia siku ya mvua na kuliacha hapo hapo juu ya udongo, baada ya siku chache limeshika tena. Kongwa litolewe nje ya tuta, na bahati nzuri kuna midomo inayolisubiri, nitafika huko.

Sasa ndago. Hapa naomba tutulie, kwa sababu hili ndilo gugu linalowafanya watu waache bustani. Ukilitazama juu unaona majani membamba yanayong'aa, na shina lenye pembe tatu ukilizungusha kati ya vidole. Wataalamu wameliweka katika magugu mabaya kuliko yote duniani. Linasumbua mashamba ya miwa, ya mpunga na ya mboga katika nchi nyingi sana za joto. Nguvu yake iko chini. Huko kuna vifundo vidogo vyeusi vilivyounganishwa na mizizi myembamba, kimoja baada ya kingine kama shanga za rozari. Ukivuta majani, uzi unakatika na shanga zinabaki. Tena katika uzi mmoja, kifundo kilichochipua kinavizuia vingine visiamke. Ukiukata uzi, vile vilivyokuwa vimelala vinapata ruhusa. Anayeipiga ndago kwa jembe kwa hasira, akiikatakata, anaiamsha yote kwa pamoja.

Ndago inahitaji mtu mvumilivu anayejua kuhesabu wiki. Chipukizi linapotoka juu linakula akiba iliyo ndani ya kifundo. Kwenye wiki ya tatu hivi, majani yanaanza kurudisha chakula chini, na vifundo vipya vinaanza kuumbika. Basi usiruhusu jani lifike hapo. Pita kila wiki mbili, likate au livute, bila kuchimbua. Kifundo kitatoa jani jingine kwa akiba ile ile, nawe utalikata tena. Kinachoka. Ndago haitakwisha msimu mmoja, na anayewaambia itakwisha msimu mmoja anawadanganya, lakini inapungua mpaka mboga inaweza kuishinda.

Msaada wa pili ni kivuli. Ndago haivumilii giza. Haizuiwi na plastiki nyembamba, kwa sababu ncha yake kali inaitoboa, lakini chini ya majani mapana inadhoofika. Palipo na ndago nyingi, panda viazi vitamu msimu mzima. Matembele yanafunika udongo, mizizi yake pia inaonekana kuisumbua ndago, na wakati huo nyumba inakula majani na viazi. Msaada wa tatu ni kiangazi. Juni mpaka Agosti, palipo wazi, fukua vifundo na uviache juu ya udongo juani siku kadhaa. Kifundo kikikauka kabisa, kinakufa. Mvua ikirudi kabla hakijakauka, umepoteza kazi, kwa hiyo msianze mwishoni mwa Agosti.

Sangari na nyasi nyingine za kamba chini ya udongo zinafuata njia hiyo hiyo ya kiangazi, ila zana ni nyingine. Jembe la kawaida linakata kamba vipande kumi na kukupa miche kumi. Tumia jembe lenye meno, inua udongo, vuta kamba nzima nzima, kisha zianike juu ya jiwe au bati mpaka zikauke kabisa. Kuna na kile kijani chenye majani matatu yenye umbo la moyo, ambacho watoto wanakitafuna kwa ajili ya uchachu wake. Kina vitunguu vidogo vidogo chini. Nacho kinyimwe mwanga, kisipigwe jembe.

Nitoke kwenye magugu yenyewe nije kwenye saa. Mvua ya kwanza ya Septemba ikinyesha, mji mzima unakimbilia kupanda. Naelewa, mbegu iko ndani ya nyumba na tumbo halingoji. Lakini kwa tuta la karoti, la vitunguu au la puaro, naomba msubiri. Tengeneza tuta lako vizuri, lisawazishe, halafu uliache siku kumi mpaka kumi na nne bila kupanda kitu. Magugu yatadhani ni zamu yao. Yataota yote yaliyo karibu na juu. Asubuhi ya siku yenye jua, pita na jembe lililolazwa, kwangua juu juu tu, yaache yakauke hapo hapo. Kisha panda bila kugeuza udongo tena. Ukigeuza, umeleta kundi jingine na wiki zako mbili zimepotea. Anayeogopa kusubiri afanye nusu ya bustani hivyo, nusu nyingine apande kama alivyozoea, aone mwenyewe.

Nimetaja karoti na vitunguu kwa makusudi. Karoti inaweza kuchukua wiki mbili kabla ya kuonekana, wakati magugu yameshafika kwenye kifundo cha mguu. Kitunguu kina majani yaliyosimama wima, hakina kivuli cha kulizuia gugu, kwa hiyo kinahitaji ulinzi karibu maisha yake yote. Maharagwe ni tofauti. Yalinde wiki nne au tano za kwanza, na kama uliyapanda kwa nafasi ya sentimita 40 kati ya mistari na 20 ndani ya mstari, majani yatagusana na kufunga mlango yenyewe. Gugu linaloota baada ya hapo halipunguzi sana mavuno. Wengi wetu tunafanya kinyume: wiki za mwanzo tunaacha, tukisema bado ni madogo, kisha tunapalilia kwa nguvu wakati maharagwe yanatoa maua na tunayaangusha.

Tukishajua hayo, tufunike. Na hapa sitaharakisha, kwa sababu ndiyo sababu nimekuja.

Bushi, eneo la Washi linalotuzunguka, ni nchi ya migomba, na majani makavu ya migomba ndiyo kifuniko cha kwanza nitakachopendekeza kwa yeyote. Yanazuia mwanga, yanalala vizuri kwenye mteremko, hayana mbegu za magugu. Yakatekate urefu wa mkono na uyalaze kukatiza mteremko, yasielekee chini, ili maji yakutane nayo na kupunguza mbio. Maganda ya maharagwe ni mazuri sana na yanaoza haraka. Mabua ya mahindi yanadumu. Mwenye ndugu Kabare, Kalehe au Idjwi anaweza kuagiza maganda ya kahawa, yanafika kwenye gunia na ni mepesi. Nyasi pia zinafaa, kwa sharti moja: zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Nimeona watu wakibeba nyasi zilizokomaa kutoka pembeni ya barabara, wakitandaza kwa bidii, na bila kujua wanapanda magugu kwa mkono wao.

Unene uwe wa vidole vinne baada ya majani kutulia. Pungufu ya hapo mwanga unapita na kazi yako haina faida. Acha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina la kila mche, kwa sababu shina likikaa kwenye unyevu muda wote linaoza, na konokono wanapata nyumba. Wakati wa mvua nyingi, inua majani asubuhi mara moja moja, uwaondoe konokono kwa mkono. Usifunike tuta lililopandwa mbegu ndogo. Ngoja miche ifike urefu wa kiganja, palilia mara moja, ndipo uingize majani katikati ya mistari.

Katoni za madukani ni hazina tunayoichoma moto bure. Toa skochi na vipande vya plastiki, lowesha, laza karatasi zipandane kwa upana wa mkono, kisha weka majani juu ili upepo usizibebe. Kwa parseli iliyoachwa miaka na kujaa nyasi, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote: kata nyasi chini kabisa, zilaze hapo hapo, funika kwa katoni, weka majani na mbolea iliyoiva juu, toboa shimo na panda boga au kabichi. Nyasi za chini zinakufa gizani na kuwa chakula. Ndago peke yake itachungulia, na mnajua sasa la kuifanya.

Unga wa mbao wa maseremala uwekeni kwenye njia kati ya matuta. Ukichanganyika na udongo wa tuta, unavyooza unavuta nitrojeni, chakula cha mimea, na mboga zinakuwa za njano. Majani ya mikaratusi nayo yabaki njiani. Yanazuia vitu visiote, na hayachagui kati ya gugu na mboga.

Kifuniko kingine ni kile kinachoishi. Boga lililopandwa kati ya mahindi linafunika mita nyingi kwa mche mmoja, na majani yake ni mboga. Maharagwe ya kupanda kwenye vijiti, ambayo kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA cha Mulungu kule Kabare kimeyafanyia kazi kwa miaka mingi, yanaacha nafasi chini, basi panda lengalenga hapo kabla gugu halijaikalia. Msiache tuta tupu baada ya kuvuna. Siku uliyovuna ndiyo siku ya kupanda kitu kingine au ya kufunika. Na kwenye kingo za parseli, kukatiza mteremko, weka mstari wa matete. Matete yanashika udongo, na ukiyakata kila yanapofika kiunoni yanakupa majani ya kutandaza bila kununua.

Kuna mmea wa maua makubwa ya manjano unaojaa kando ya barabara zetu, ambao wengine wanauita alizeti pori. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Katika kila kilo 100 za majani yake yaliyokaushwa kuna kilo 3 hivi za nitrojeni, kiasi ambacho mimea michache ya porini inakifikia. Kata matawi laini kabla ya maua, yalaze juu ya tuta wiki moja kabla ya kupanda, au yatumie chini ya matandazo makavu. Lakini angalieni: vijiti vyake vigumu vinaota vikigusa udongo wenye unyevu, na mbegu zake zinasambaa. Unakaribishwa bustanini ukiwa umekatwa. Ukiwa na mizizi, ubaki barabarani.

Tufike kwenye ile midomo niliyowaahidi. Katika Kivu ya Kusini nyumba nyingi zinafuga kobayi, wale wanyama wadogo ambao wengine wanawaita simbilisi, na mara nyingi watoto ndio wenye mali. Kobayi, tofauti na wanyama wengi wa nyumbani, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Lazima aipate kwenye majani mabichi kila siku. Kwa hiyo kongwa, kishona nguo kichanga na kile kijani cha kiua cha manjano, vyote ambavyo mama anavilaani asubuhi, jioni vinakuwa chakula halisi. Majani yenye maji ya mvua yaacheni yanyauke kidogo kwanza. Msiwape lantana, ile ya maua ya rangi mbili tatu yanayokaa pamoja, ina sumu. Wala msichume pembeni ya barabara kuu au mahali palipopulizwa dawa. Sungura naye anakula karibu hayo hayo. Ninaona mtoto aliyepewa kobayi wawili anapalilia bila kutumwa, kwa sababu anajua anachotafuta.

Nasi tunakula. Mnavu, lengalenga ya kujiotea, majani machanga ya kishona nguo, bibi zetu waliyapika. Chuma na uache tuta safi.

Samadi ya kobayi, ya mbuzi au ya ng'ombe isiende moja kwa moja kwenye tuta. Mbegu nyingi zinapita tumboni zikiwa hai. Ipange lundo, angalau mita moja kila upande ili lishike joto, ukichanganya majani mabichi na makavu, ukilowesha bila kulifurisha. Lundo likifika nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa, mbegu nyingi zinakufa. Hatuna kipimajoto, basi chomeka chuma katikati, kiache dakika tano, kivute: kama huwezi kukishika, lundo linafanya kazi. Likipoa, ligeuze ili ya pembeni yaingie katikati. Vifundo vya ndago na kamba za sangari zisiingie humo zikiwa hai.

Nizungumzie sasa mambo yanayoitwa ya asili ambayo nawaomba muyaache. La kwanza ni chumvi. Inaua gugu, ndiyo, na inabaki udongoni ikiharibu tuta kwa mboga yoyote itakayofuata. Kwenye mteremko mvua inaipeleka kwa jirani. La pili ni mafuta machafu ya injini. Hayana uhusiano wowote na kilimo. Yanatia sumu udongo na yanaishia kwenye vyanzo tunavyochota maji. La tatu ni moto. Unateketeza majani ambayo yangekuwa kifuniko, unaacha ardhi uchi siku chache kabla ya mvua, na ndago chini haijaguswa. Siki inaunguza majani ya magugu machanga tu, mizizi inabaki. Maji ya moto yanafaa kwenye nyufa za sementi, lakini ukihesabu makala, yaani mkaa, ya kuyachemsha, na msitu ambao makala hayo yametoka, mkono ni nafuu.

Na dawa za dukani? Mtanisamehe nikisema kwa ufupi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka glaifosati, dawa ya magugu inayotumika sana kuliko zote, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Taasisi nyingine zimepinga, na mabishano yanaendelea. Mimi sababu yangu ni ya karibu zaidi. Bustani yako ina hatua kumi kwa kumi na tano. Watoto wanacheza humo, kuku wanadonoa humo, sombe, majani ya muhogo, inachumwa humo jioni. Ukikuta dawa imehamishiwa kwenye chupa ndogo ya maji, bila karatasi ya maelezo, hujui ni nini wala ni kiasi gani. Kwa eneo hilo dogo, saa mbili za mikono miwili zinatosha.

Kabla hatujaanza, mama mmoja wa Cimpunda alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo nataka nilijibu mbele ya wote, kwa sababu najua si lake peke yake. Alisema: parseli ninayolima si yangu, nimekodi, mwenyewe anaweza kuichukua msimu ujao, kwa nini nimtajirishie udongo?

Mama, una haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba uchague kazi inayolipa ndani ya msimu huo huo. Usihangaike na mistari ya matete, wala na lundo kubwa la mbolea ambalo utaliacha. Fanya tuta la kusubiri wiki mbili, halikugharimu kitu. Tandaza majani ya migomba. Yatakupunguzia palizi mwezi huu huu, na yatashika maji mvua ikikatika Januari. Kata maua ya kishona nguo yasianguke. Panda viazi vitamu palipo na ndago, maana matembele unayachuma ndani ya wiki chache. Weka lundo dogo nyumbani kwako, siyo kule, ulihamishe kwa karai. Na ukiweza, mwombe mwenye parseli akupe misimu miwili kwa neno mbele ya shahidi, msimu wa kupanda A na ule wa B, Septemba mpaka Juni, ukimwonyesha tuta lililofunikwa na lile lisilofunikwa baada ya mvua moja kubwa. Wenye ardhi wengi hawajawahi kuonyeshwa udongo wao ukiondoka.

Nyuma ya ukumbi huu kuna kipande chenye ndago, sangari na kongwa pamoja. Katoni ziko mlangoni, majembe yenye meno yapo manne, tutabadilishana. Wenye watoto mgongoni wakae upande wa kivuli, nitaanza na wao.